Ombi la Kufutiwa Ukwe kwa Mama Mukwe Aliyenisahau

Saint-Josse, mwezi wa tatu, 1995

Kwa Papa Polycarpe,
Muzee wa jamaa yetu yote ya Brussels, Molenbeek.

Papa muheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa heshima, na pia kwa sababu kiti kimoja kilichobaki kizima amekikalia mama mukwe. Unanijua: ni miye Sylvestre, mutoto wa Bukavu, muntu wa mataifa, niliyefika Paris, Cologne, na Luxembourg mara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Français naiongea mpaka Wabelgiji wananiomba nirudie.

Utakumbuka siku ya ndoa yangu na Nélida, binti wa Chile. Ulishika mikro ukawafundisha Wachile sheria ya kwetu: mukwe mwanaume hali chakula mbele ya mama wa bibi aliyemuoa, hamugusi, hamuangalii usoni, akimukuta njiani anapisha. Sisi tulipiga makofi, tukaenda kunywa bia. Papa, Nélida aliamini! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mukwe, Doña Herminia, ameshikwa na ugonjwa wa kusahau. Anatafuta bahari ya kwao Valparaíso ndani ya kabati ya nguo. Anavaa viatu kwenda kulala. Nélida anamulisha, anamuogesha, anamukimbilia kwenye ngazi. Miye, mwenye mikono hii iliyobeba frigo, lile kabati la baridi, kupanda ngazi mpaka étage ya nne, nikigusa bakuli tu naambiwa: «Toka, Sylvestre! Papa Polycarpe alisema!» Mutoto wa Chile analinda mila yetu kuliko sisi wenyewe.

2. Nakula kwenye ngazi. Jirani wa chini, madame mumoja Muturuki, alidhani nimefukuzwa, akaniletea supu. Supu ilikuwa nzuri, kwa hiyo hii ni nusu malalamiko, nusu shukrani.

3. Bibi yangu anaisha. Alitia chumvi katika kahawa, akainywa yote, hakujua. Anafungua robinet ya maji chooni ili tusisikie analia. Lakini, Papa, maji hayana kwikwi. Docteur alimuambia apumzike, mama apelekwe nyumba ya wazee. Nélida alijibu kwamba kwao mama si koti la baridi, la kutundikwa mahali mpaka musimu ugeuke. Na kaka yake Rodolfo wa Liège anapiga simu kila Dimanche, siku ya misa, kutoa mashauri. La mwisho: mama apewe samaki. Samaki! Alors miiba nani atatoa, simu?

4. Doña Herminia ananiita Anselmo, jina la marehemu bwana yake, na ananigombeza makosa ya Anselmo. Kwa nini nilichelewa kurudi kutoka bandarini? Yule mwanamuke wa duka la mukate alikuwa nani? Sijui, Papa, lakini nimeomba musamaha mara nyingi, na inaonekana huyo mwanamuke alikuwa muzuri.

Bon. Sasa fuata akili yangu, akili ya muntu aliyekaribia kumaliza sekondari. Ukwe ni kujuana. Asiyenijua si mama mukwe wangu, donc mila imekwisha yenyewe, kama kadi ya simu. Tena, akiniita bwana yake mbele ya mashahidi, basi ni miye bwana yake, na hakuna muzee wa kukataza muntu kulisha bibi yake. Na kama ni miye bwana ya Doña Herminia, voilà, ni miye baba ya Nélida. Baba akimuambia binti nenda ukalale, binti anaenda kulala.

Kwa hiyo naomba jamaa ikae, inifute ukwe, na initambue rasmi kama baba mukwe wa nafsi yangu. Mbuzi wa mahari ambao naidai nafsi yangu, nimejisamehe.

Usipokubali, Papa, tutakuwa na wagonjwa wawili katika nyumba hii, na wa pili ni yule ninayemupenda kupita wote. Hapo sichezi.

Niko chini ya miguu yako, ila si kwa muda murefu, kwa sababu ya mugongo. Unisalimie bibi yako Maman Viviane, mutoto wenu Gracieuse, wote wanaokula kwako, na wale wanaokuja wakisikia harufu. Wa Liège wasalimiwe kwa simu, ndiyo dawa wanayopenda.

Mutoto wako,
Sylvestre

P.S. Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Asubuhi hii Nélida aliketi kuvaa soksi, usingizi ukamuchukua na soksi moja muguuni. Sikungoja jamaa ikae. Nilibeba uji, nikaketi mbele ya Doña Herminia, nikaangalia pembeni kwa heshima, kijiko kikaenda sikioni kwake. Ikabidi nimuangalie. Naye akaniangalia, akaniita Sylvestre. Sylvestre, Papa, si Anselmo! Akasema: «Bwana ya binti yangu, umenenepa.» Donc ananijua, ukwe uko muzima, na yote niliyoandika hapo juu ni uongo mutupu. Kisha akafungua kinywa. Nikamulisha mpaka uji ukaisha, na kesho namulisha tena. Kama una neno, andika. Usipige simu leo: Nélida bado amelala.