Maharage ya Darasa la Ubaruku

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Semina wilayani. Siku nzima! Bwana Adrian, afisa wa elimu ya watu wazima, katufundisha upimaji endelevu. Yaani usingoje mtihani wa mwisho. Kila somo umpime mwanafunzi, ujue kakwama wapi, urudie hapo hapo. Kila mwalimu kapewa mfuko wa mahindi na mfuko wa maharage. Aliyeelewa aweke punje ya hindi mezani, ambaye hajaelewa aweke haragwe. Anjela wa darasa la kanisani, yule Mhehe wa Kilolo, anaitikia kwa kichwa kila neno. Kiherehere! Mimi najua anayetafutwa hapa ni mwalimu mbovu. Nikivuliwa ualimu narudi kuwa Ipyana wa pumba, mfagiaji wa mashine ya mpunga. Sirudi ng'o.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimejaribu. Somo la silabi. Mezani maharage matupu! Watu wazima na akili zao, wameniaibisha mchana kweupe. Aliyetangulia ni Mbuke, yule mama wa Kisukuma. Shida yake moja tu: asome mwenyewe ujumbe wa binti yake Roza, aliyeko chuoni Iringa. Huko mashambani kwake mtandao ni wa shida, hawezi kupigiwa, ujumbe ndio unaopenya. Kila ukiingia lazima ambembeleze mwenye duka amsomee, na duka zima linasikia mambo yake. Leo kasema bila haya kwamba hajaambulia kitu, nirudie tangu mwanzo. Tangu mwanzo! Mimi?

Jumapili, 14 Septemba
Dawa imepatikana. Maharage nimeyapika. Nimeyaunga kwa karanga, matamu ajabu. Darasani yamebaki mahindi.

Jumatano, 17 Septemba
Bwana Adrian kaja kukagua. Mbuke, hana hata simile, kauliza haragwe lake liko wapi. Nimemnong'oneza kwamba maharage ni ya wavivu. Kaweka hindi, macho chini. Wenzake wakafuata. Meza nzima mahindi! Bwana Adrian kanishika mkono mbele ya watu. Huko kwa Anjela kakuta maharage kibao. Nimempa pole Anjela kwa sauti ya huzuni. Rohoni nacheka.

Ijumaa, 19 Septemba
Balaa! Bwana Adrian kasema darasa lililoelewa lote halina haja ya mwalimu. Limehitimu! Vyeti vimegawiwa, picha zimepigwa, darasa limefungwa. Mabenchi yamehamia kwa Anjela, maana kule bado kuna watu wa kufundishwa. Nikaambiwa nijipigie makofi. Nikapiga.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimerudi mashineni. Jioni Mbuke kanifuata na simu yake, kanisihi nimsomee ujumbe. Mwenye duka kamkatalia: si ana cheti, asome mwenyewe. Watu wakaangua kicheko, naye akaona aibu kumwomba mwingine yeyote. Ujumbe umeingia tangu Jumatatu. Nikausoma. Roza kalazwa Iringa, hali si nzuri, anamwomba mama yake aje upesi. Tangu Jumatatu, jamani! Mbuke hakulia. Aliniuliza kama nimesoma sawasawa, nikasema ndiyo. Akatoka mbio kutafuta gari, khanga inaburuzika. Moyo umeniuma kweli. Yule mwenye duka ana roho mbaya sana!

Jumapili, 5 Oktoba
Mbuke karudi. Roza kapata nafuu, Mungu mkubwa. Lakini nasikia alimuuliza mama yake kwa nini alichelewa vile. Sasa Mbuke yuko kwa Anjela, kakalia benchi langu mwenyewe, anaweka haragwe kila siku na Anjela anamrudia bila kununa. Tumekutana njiani leo. Hakuniita Mwalimu. Kaniita Ipyana, kavukavu, akapita zake. Shukrani ya punda!

Haidhuru. Igawa kuna darasa jipya, halina mwalimu. Nimeomba, wamekubali. Safari hii hawalifungi, naapa. Mwaka hata mwaka hakuna atakayehitimu kwangu. Somo la kwanza nimeshaliandaa: jinsi ya kumwonyesha Bwana Adrian kwamba hujaelewa.