Nusu Yangu ya Jaa

Jumatatu, 6 Februari
Injinia Vaidehi katangaza leo. Vipimo ni Jumamosi! Miezi mitatu sasa jaa la manispaa limefunikwa mboji, nusu ya kaskazini yangu, ya kusini ya Poongodi. Ndani ya mboji mna bakteria wanaokula gesi ya methani kabla haijapanda angani. Mwenye kuvujisha gesi kidogo zaidi ndiye msimamizi wa kudumu. Mimi kibarua mwaka wa kumi na moja huu! Mama mkwe bado ananiita “yule wa jaani”. Naitaka kazi hii mpaka usingizi hauji. Na Poongodi je? Ana miaka minne tu hapa, na alianza kwa kuokota chupa.

Jumanne, 7 Februari
Nimechungulia upande wa Poongodi. Aibu! Nyasi, mabonge, mbuzi wawili. Wangu nimeazima mashine ya kushindilia barabara, nikapita nayo mara tatu. Bapa kama chapati ya dosa. Poongodi kaja, kashika kiuno, kaniuliza, “Kaka Thangavelu, mbona unawanyonga wenzako? Wadudu hao wanataka hewa.” Nikampa za uso. Nikamwambia mimi nimefika kidato cha nne.

Jumatano, 8 Februari
Injinia kaona. Kafoka. Udongo lazima upumue, kasema, la sivyo bakteria wanakufa. Nimetifua kutwa nzima kwa uma. Mgongo umekwisha. Poongodi kaniletea mtindi wa maji wenye chumvi na majani ya mchuzi. Nimeunywa kwa hasira. Ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 10 Februari
Habari kubwa! Mkurugenzi wa manispaa atakuja kesho kushuhudia. Poongodi hajajiandaa kwa lolote, masikini. Mgeni mkubwa kuja bila poda nyeupe chini? Wapi! Stoo ya manispaa imejaa poda ya klorini. Nimechukua mifuko sita. Nimemleta mke wangu, Kamatchi, atuchoree kolam, pambo la poda la kukaribisha wageni, kama ile ya mlangoni kwetu, ila hii ienee nusu yangu yote, pana kama uwanja. Maua ya yungiyungi, tausi, na “KARIBU” juu. Kamatchi kasita. Kauliza kama poda hii si ile inayoua vijidudu chooni. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, tunataka usafi. Kajifunga kitambaa puani, kaanza kuchora. Wanawake hawaelewi itifaki.

Jumamosi, 11 Februari
Mkurugenzi kapiga picha na tausi! Moyo ukanipasuka kwa raha. Kisha vipimo. Injinia kafunika chombo chake cha kupimia gesi upande wa Poongodi, penye nyasi. Gesi karibu hakuna. Kaja kwangu. Namba zikapanda, zikapanda, mashine ikaanza kulia. Injinia kachota udongo, kanusa, kakaa chini palepale. Kasema nimewaua wote.

Poongodi ndiye msimamizi. Nilijificha nyuma ya lori nikalia, sifichi. Kanifuata huko huko. Hakunicheka. Kasema nibaki na nusu yangu mpaka Aprili. Nikiifufua, ataniombea kazi ya kudumu kwa mkurugenzi yeye mwenyewe.

Jumatatu, 13 Februari
Poongodi kanipa mboji ya upande wake iwe mbegu. Amri yake: tandaza, nyunyiza maji, kisha usiguse kitu, Kaka, nakuomba, usiguse kabisa.

Nimetii. Nusu saa nzima. Kisha nikawaza. Bakteria waliobaki ni wagonjwa hoi, na mgonjwa haachwi hivi hivi! Nimekwenda duka la dawa, nimenunua vidonge mia mbili vya antibiotiki, amoksilini, vile vikali. Muuzaji kauliza nani anaumwa. Nikamwambia tuko wengi. Nimeviponda, nimevikoroga kwenye keni ya kumwagilia. Kutwa mara tatu, siku saba, dozi kamili.

Ya asubuhi tayari nimewapa. Ilibaki keni moja, nikaenda kuimwaga upande wa Poongodi. Mimi sina roho mbaya.