Fulgensi, Usukani na Kikapu cha Mkwewe

Epueni sufuria, enyi watu wa Lumemo, na ninyi wa kijiji cha Mbingu acheni kuwinga ndege kidogo, washibe na wao. Maana nasimulia siku Fulgensi, simba wa mto Kilombero, mkaza-mikanda ya mashine asiye na mfano, alipopambana na usukani wa mashua yake huku mkwewe akimtazama.

Yosefina, mkewe, alikuwa amekimbilia kwa mama yake akilalamika kwamba mumewe ameoa mashua, usiku na mchana anaiundia mashine ya kushika usukani yenyewe. Mama mtu, Agnetha mwenye jicho kali, akamtolea Fulgensi hukumu: "Nitamsindikiza mwanangu kwa mashua hiyohiyo hadi Ifakara. Kama hiyo mashine inajiendesha kweli kama unavyojisifu, mke utabaki naye. La sivyo, narudi naye kwangu."

Basi tanga likapandishwa, Fulgensi akabonyeza kitufe, mashine ikaushika usukani peke yake, na kwa ushujaa mkubwa ikawapeleka matetini. Akairudisha mashua mtoni, ikawarudisha matetini. Akakaza mkanda, akapangusa betri, akafungua kila waya, akaupuliza, akaufunga tena, jasho likimchuruzika. Matete yaleyale.

Ikabaki ngome moja isiyowahi kutekwa: chini ya benchi, ilipofungwa dira inayoiongoza mashine. Na juu ya benchi ameketi mkwe, kikapu chake kimesukumwa chini. Mwanamume gani wa bonde hili amwinue mkwewe apekue mzigo wake? Fulgensi aliogopa, tena aliogopa hasa. Akaugeukia mlingoti, akauhutubia:

"Ewe mlingoti mtukufu! Mwambie Yosefina, naye amwambie mama, shikamoo nyingi, na kama haitakuwa utovu wa adabu, je, kikapuni mna chuma?"

"Marahaba," mkwe akajibu mwenyewe. "Mna pasi yangu ya mkaa. Gauni la kanisani ninyooshe kwa kiganja?"

Lo! Chuma kile kilikaa ubavuni mwa dira, kikiidanganya kaskazini mchana kweupe! Yosefina akakibeba kikapu hadi mbele kabisa ya mashua, akijiuma midomo asicheke. Fulgensi akabonyeza.

Usukani ukatikisika, ukatulia. Mashua ikashika katikati ya mto hadi Ifakara, nahodha amekunja mikono kifuani, machozi yakimlenga.

"Shusha mizigo yako, Yosefina," akasema mkwe. "Huyu kichaa ni wako."

Na vizazi vyote vya Kilombero vijue: aliwahi kuishi mwanamume aliyemuuliza mkwewe amebeba nini, na bado akabaki na mke.