Mkwara wa Jumatatu ya Pasaka

Jumamosi, 5 Aprili
Poka tena barazani kwa jirani yangu Nassibu. Nimeshindwa, nimefurahi. Nieleze, maana nilistaafu shule tu, si ualimu. Katika poka mtu aweza kuweka dau kubwa huku ana karata mbovu. Wenzake wakaogopa, wakatupa zao, yeye akazoa vya mezani. Hapa Kunduchi tunaita kupiga mkwara. Tangu Jumatano ya Majivu sijapiga hata mmoja. Nimejinyima kwa ajili ya Kwaresima, pamoja na nyama. Mezani hakuna anayejua. Wenzangu wamemaliza Ramadhani, wamekula Idi, hawana habari na mfungo wa jirani.

Sasa mpango. Fainali ni Jumatatu ya Pasaka. Kwaresima itakuwa imekwisha! Wakishanizoea kuwa mkweli, nitapiga mkwara mmoja tu, mkubwa, na kiti ni changu.

Kuhusu kiti. Fedha hatuchezei, ni haramu kwao na aibu kwangu. Dau ni vizibo vya soda. Lakini bingwa hukalia kiti cha Nassibu chenye mto na mikono, mwaka mzima. Wengine benchi. Nina miaka sabini na moja na nyonga isiyopenda benchi. Bi Mwajabu, muuza samaki wetu, anakikalia mwaka wa pili sasa. Hukiegemea kwa makusudi.

Jumatano, 9 Aprili
Mpango unafanya kazi, tena kupita kiasi. Nimepata wafalme watatu! Nikasogeza vizibo viwili, kwa upole kabisa. Nassibu akatupa karata papo hapo, akasema Mwalimu akigusa vizibo yeye anaaga. Bi Mwajabu naye akatupa. Wafalme watatu, nimeambulia vizibo vya kuanzia tu, vile kila mtu huweka kabla ya kugawa karata! Iliniuma. Halafu nikafurahi. Wananiamini.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimemweleza mke wangu mpango wote, pamoja na mchoro. Alikuwa akipara samaki. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Herieth, kusema kweli siku arobaini ili udanganye siku moja, huo si uongo mmoja mrefu?" Nikamfafanulia tofauti. Akaniomba nimpishe jikoni.

Jumanne, 15 Aprili
Kitubio. Nimemuuliza Padri kama mkwara ni dhambi. Akauliza kama wenzangu wanajua kuwa mchezo huo una mikwara. Wanajua sana. Akasema basi ni mchezo tu, niende kwa amani. Habari ya siku arobaini sikuifikia. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na mimi ni mtu wa kujali wengine.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Aleluya! Asubuhi misa, mchana mbuzi wa kuchoma, jioni fainali. Nassibu akatoka mapema. Tukabaki wawili, mimi na kiti. Yaani, mimi na Bi Mwajabu aliyekikalia.

Nikapata saba ya pau na mbili ya uru. Takataka! Ndiyo saa yenyewe. Nikasukuma vizibo vyote katikati. Sikupepesa. Bi Mwajabu akaguna, akainua karata zake kuzitupa. Niliona kwa macho yangu! Kisha mkono ukasita. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi leo kwenu mmekula nini?"

Nikasema mbuzi. Kinywa kimezoea kweli tangu Majivu, kikajibu chenyewe.

Akasukuma vizibo vyake vyote. "Haya, funua tuone."

Alikuwa na jozi ndogo, karata mbili za nne. Za nne tu! Nassibu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Bi Mwajabu akaeleza, ameegemea: "Mie nyie nawajulia kapuni. Siku Mama Herieth alipoanza kununua samaki kila siku, ndiyo siku Mwalimu alipoacha mikwara. Nikasema, huyu kafunga nyama na mikwara pamoja. Akirudia nyama tu, na mikwara hiyo inarudi!"

Akanipa pole. Akauliza kama benchi limenikaa vizuri.

Jumanne, 22 Aprili
Nyonga inauma, moyo mweupe. Nimelala vizuri. Nimechambua kosa na nimelipata: mbuzi. Mpango wenyewe haukuwa na dosari yoyote. Mwakani, Pasaka, tutakula samaki.

Bi Mwajabu alipopita asubuhi na beseni lake nikamwagiza kabisa. Samaki changu, mkubwa, wa Jumatatu ya Pasaka ijayo. Akashangaa, mwaka mzima kabla? Akauliza kuna nini. Nikamsogezea kigoda, nikamweleza kwa kirefu, tangu mwanzo. Hakunikatiza hata mara moja. Laiti ningepata wanafunzi wasikivu kama yule enzi zangu!