Valvu Moja, Majoho Ishirini na Sita

Jumanne, 5 Agosti

Mashine ya kufulia imeasi. Inajaza maji, inajaa, inaendelea kujaza. Nimeizima. Bado inajaza! Nimechomoa waya ukutani. Maji yanaingia tu, mpaka nilipoukunja mpira wake na kuufunga kwa kamba. Bafu limekuwa bwawa, na kandambili zangu zimeelea hadi sebuleni.

Nimetambua ugonjwa papo hapo: valvu ya kuingizia maji. Haifungi. Mke wangu, Stellamaris, akasema basi aitwe Mzee Mwinyimadi, jirani yetu, fundi bomba mstaafu, Visiga nzima inamjua. Nikamwambia hapana. Mwaka juzi mzee huyo alitengeneza choo chetu kwa dakika nne, huku akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nimehangaika nacho siku nne. Mluzi ule sijausahau.

Stellamaris akanikumbusha kwamba yeye ni katibu wa kwaya, na kwamba majoho meupe ishirini na sita yanaletwa Alhamisi yafuliwe kwa ajili ya tamasha la Jumapili kule Kisarawe. Kwaya inashiriki kwa mara ya kwanza. Nikamwambia alale salama. Mimi ni afisa ugavi wa halmashauri. Vifaa ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetoka kazini mapema, nikashuka kituo cha Kwa Mathias kununua valvu dukani. Sikubeba ile ya zamani. Mtaalamu hubeba vipimo kichwani. Muuzaji, kijana anaitwa Ipyana, akauliza nataka ya njia moja au ya njia mbili. Nikajibu ya kawaida. Akauliza tena, kwa upole wa kuudhi, kawaida ipi. Nikachagua ya njia moja kwa sauti ya mamlaka.

Nyumbani: njia mbili.

Nikarudi Kwa Mathias. Nilimweleza Ipyana kwamba mashine ndiyo iliyobadilika. Akasema mashine nyingi zina tabia hiyo. Sijui kwa nini duka zima lilicheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Majoho yamefika asubuhi, magunia mawili. Mimi nimeomba ruhusa kazini, nikasubiri Stellamaris aende kwake, kwa sababu wanawake huharibu umakini. Nikafunga koki ya nje. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Nikafungua ile kamba, nikachomoa mpira wa maji.

Mungu wangu!

Simtenki letu ni la lita elfu mbili, na lilikuwa limejaa jana. Lote liliamua kupita kwenye mpira ule kuja kuniona. Nikaziba kwa kidole gumba. Nikaachia, nikalowa, nikaziba tena. Simu iko sebuleni. Bisibisi na kamba vinaelea. Nilisimama hivyo nusu saa, kidole kimekufa ganzi, nikiita msaada kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Halafu kwa sauti ya juu.

Alikuja nani? Mzee Mwinyimadi, na kikombe chake cha chai mkononi. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimekumbatia mashine. Akaitikia marahaba, akatoka. Maji yakakatika.

"Pole, Baba Elinipa," alisema aliporudi. "Ile uliyofunga ni ya bustani. Ya nyumba iko chini ya tenki. Nikusaidie hiyo valvu?"

"Ahsante mzee, nimeshamaliza sehemu ngumu."

Akatazama maji, akanitazama mimi, akanywa chai. Akaondoka. Anapiga mluzi!

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu ya wakulima, na yangu. Valvu mpya iko mahali pake! Nyaya mbili, moja kwa kila njia ya maji, nimezichomeka zilivyopendeza. Nikafungua maji. Hakuna hata tone linalovuja. Nikamwambia Stellamaris aende mazoezini kwa amani, majoho aniachie mimi.

Ameniachia maagizo: sabuni kwenye kisanduku kikubwa, na matone mawili ya bluu ya kufulia kwenye kile kidogo, ili iingie mwisho kabisa na weupe ung'ae. Matone mawili! Huo ni uoga. Nikamimina chupa nzima, nusu kwa kila gunia.

Sasa ni saa kumi. Majoho yote yako kwenye kamba. Sabuni ndiyo iliyoingia mwisho kabisa, na povu bado linadondoka. Inaonekana nyaya nilizipishanisha, na maji yalianzia kwenye bluu.

Majoho si meupe. Si bluu pia. Ni kama ramani ya dunia: bahari nyingi, mabara machache.

Stellamaris amerudi. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya gunia tupu akashika tama. Kisha akasema taratibu, "Hawa watu waliniamini, Castory." Ananiita Castory mara moja kwa mwaka. Nilitamani kidole changu kiwe bado ndani ya ule mpira.

Jumamosi, 9 Agosti

Stellamaris amemwita Mzee Mwinyimadi bila kuniuliza. Mzee alizibadilisha zile nyaya mbili kwa sekunde zisizozidi ishirini. Na mluzi akapiga. Unyanyasaji.

Tukafua upya. Mabara yamefifia lakini hayajatoka. Mwalimu wa kwaya, Leodegar, alipiga simu kuuliza hali ya majoho. Stellamaris akamwambia yananukia vizuri. Akakata simu, akasimama, akafunga kanga kiunoni.

"Kama haitoki, basi iingie sawasawa," alisema.

Akaagiza bluu zaidi dukani, akachovya majoho yote ishirini na sita, moja moja, kwenye beseni. Kwa mikono. Mimi nilibeba ndoo. Jioni mikono yake ilikuwa ya samawati mpaka kwenye viwiko. Niliitazama nikashindwa kula. Nikakiri moyoni kwamba mimi ni mpumbavu. Ilikuwa dakika mbaya, lakini ilipita.

Jumapili, 10 Agosti

Kisarawe. Leodegar alipoyaona majoho alipoteza sauti, na yeye ndiye besi. Wakapanda jukwaani hivyo hivyo, bluu ya anga moja safi, wakaimba wimbo wa Bikira Maria. Watu wakaanza kunong'ona: angalia, wamevaa rangi ya Mama! Akina mama wa mbele wakatoa leso. Nafasi ya pili, kati ya kwaya tisa!

Paroko akauliza kipaza sautini ni nani aliyebuni mavazi. Nikasimama. Makofi! Stellamaris alificha mikono chini ya joho akanitazama kwa namna ambayo sitaiandika.

Wakati wa chakula, mama mkwe, aliyetoka kwake Marui kutushangilia, alisema pampu yake ya kisima imekufa na anatafuta fundi. Nikamwambia, mama, fundi wa nini na mimi nipo? Nikauliza iko wapi. Akasema iko chini ndani ya maji, futi sitini. Nikamwambia hizo za chini ndizo ninazozimudu zaidi. Ninakwenda Jumamosi.

Stellamaris alinifinya paja chini ya meza kwa nguvu zake zote. Furaha, nadhani.