Kiyoyozi cha Nyanga

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimemwandikia Philbert wangu ujumbe. Baba yako hajambo. Shangazi Consolata hajambo, mguu tu. Dada yako Violeth na mapacha wake hawajambo. Bibi Elina hajambo. Jirani Eufrazia anakusalimu. Halafu nikachomeka mpango: nataka kiyoyozi chumbani kwangu. Yeye ni fundi viyoyozi Dar. Miaka mitatu hajakanyaga hapa Nyanga. Akiitwa kazi Dodoma, anakwenda. Mtwara, anakwenda. Basi na mimi nampa kazi!

Jumanne, 8 Oktoba

Kapiga simu! Eti kabla ya kuchagua mashine lazima akadirie joto. Chumba kina ukubwa gani, madirisha mangapi, wanalala wangapi, maana kila mwili ni jiko dogo. Nikapima kwa kanga. Mbili kwa mbili. Kidogo, hatakuja! Nikasema nne kwa nne. Watu? Hao wote niliokutajia. Akauliza, hata Eufrazia? Nikasema hata Eufrazia.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimevaa masweta mawili. Eufrazia kaniuliza kama nataka kumgandisha mume wangu, mzee Ishengoma. Mwanamke huyu! Mwanawe yuko hapo Kahororo tu, kila Jumapili baada ya ibada huyo hapa. Philbert kasema chumba kinataka BTU elfu thelathini, yaani nguvu ya kupoza ukumbi. Vizuri! Mashine kubwa hivyo lazima ailete mwenyewe. Nimetandika kitanda chake. Nimetoa kopo la senene wa kukaanga niliomwekea tangu mwaka jana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Gari limesimama nje. Nimekimbia pekupeku.

Si yeye. Ni Haidari, fundi wa mjini, katumwa na Philbert aje kupima. Anatetemeka ndani ya jaketi. Kahesabu vitanda chumbani: kimoja. Kasema mama, hapa panatakiwa blanketi. Nimempa chai. Kopo lilikuwa mezani. Kala senene nusu!

Jumamosi, 12 Oktoba

Philbert kapiga. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema, Mama, ungesema tu umenikumbuka. Nikasema nimekukumbuka, mwanangu. Kaahidi kuja Krismasi, ila nisimdanganye tena. Nimeapa, huku najifuta machozi kwa kanga ileile ya kupimia.

Krismasi! Wiki kumi nzima!

Jioni nimemwandikia. Baba hajambo. Consolata hajambo. Violeth na mapacha hawajambo. Bibi Elina hajambo. Eufrazia naye hajambo, ila friji lake haligandishi, njoo wiki ijayo ulitazame, nijibu upesi.

Eufrazia hana friji.