Kijani Kuanzia Juu Hadi Chini

Jumatatu, 9 Juni
Ijumaa kamati ya kituo chetu cha majani chai, hapa Kimulot, itachagua nani atengeneze programu ya mizani: mimi (Ephantus Mbuthia) au Caren wa duka la simu. Nimemwambia Mama kazi ni yangu. Mama ameambia kanisa zima. Sasa hakuna kurudi nyuma!

Mwenyekiti, Mzee Kipkosgei, ana sharti: majaribio ya programu yaandikwe kwa sentensi anazoweza kusoma mwenyewe. Nimeandika: Ikiwa mkulima ameleta kilo ishirini, na gunia ni nusu kilo, karani akipima, basi risiti isome kilo kumi na tisa na nusu. Safi. Kilichobaki ni kodi, yaani maagizo ya kompyuta, chini ya kila sentensi, ili laptop ithibitishe. Ikitimia, kijani. Ikikosa, nyekundu.

Jumanne, 10 Juni
Siku nzima kuinstall programu ya majaribio. Laptop ilikataa toleo jipya, ikakataa la zamani. Mtandao unashika juu kwenye mteremko tu, katikati ya michai. Nikanyeshewa. Jioni: sentensi kumi na nne, zote nyekundu! Caren alipita, akachungulia, akasema nyekundu ni nzuri, inakuonyesha pa kurekebisha. Wivu huo.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata dawa. Kodi moja fupi inayopokea sentensi yoyote na kujibu "sawa" bila kukagua chochote. Kumi na nne, kijani! Nimelala mchana.

Alhamisi, 12 Juni
Mama amepiga pasi shati langu. Gunia lake ndilo litakalopimwa la kwanza. Nilipata wazo la kujaribu programu na mizani yenyewe. Likapita.

Ijumaa, 13 Juni
Kamati yote kituoni. Kijani kuanzia juu hadi chini! Makofi. Mwenyekiti akasoma kila sentensi kwa sauti, ameridhika kabisa. Kisha Caren akaomba kuongeza yake. Akaandika: Ikiwa ng'ombe wa Mwenyekiti ameleta majani, karani akipima, basi ng'ombe achaguliwe mwekahazina.

Kijani.

Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe kijana, hii ng'ombe yangu imechaguliwa lini?" Nikasema hayo ni mambo ya kiufundi. Likaletwa gunia la Mama. Programu ikatoa uzito wa gunia, ikasahau majani. Risiti: nusu kilo chini ya sifuri. Mama akauliza mbele ya watu wote kama aliamka alfajiri kuchuma, na mgongo wake huo, ili aletewe karatasi kama hiyo. Niliona aibu sana. Kazi ikapewa Caren.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada Caren akasema atanichukua nimsaidie, ila kesho nimwonyeshe majaribio ya kweli, na yeye ataongeza sentensi moja ya kunipima. Mama akasema nikiharibu tena, mimi nitachuma, yeye atakaa na laptop.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa langu nimeliona waziwazi: ng'ombe. Nimeongeza mstari mmoja. Sentensi ikitaja ng'ombe, iwe nyekundu. Zingine zote kijani kama kawaida. Caren hawezi kufikiria mbuzi.